Shamba Lililogeuka Kiwanja

Sensa ya 1957 ilihesabu watu 128,742 mjini Dar es Salaam. Miaka hiyo aliyejenga Magomeni alionekana amejitenga na mji. Leo Magomeni ni mjini kabisa, na dalali anayenadi kiwanja "nje kidogo ya mji" anamaanisha Chanika, Kiluvya, Kongowe au Mapinga, mpakani mwa Mkoa wa Pwani au tayari ndani yake. Sensa ya 2022 ilikuta watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam.

Kati ya sensa hizo mbili, na hata kabla ya ile ya 1957, serikali iliagiza ramani kuu za mji si mara moja. Ya 1949 ilichorwa na kampuni ya Kiingereza ya Sir Alexander Gibb. Za 1968 na 1979 zilichorwa na Wakanada. Zote zilikuwa kazi za wataalamu, na zote ziliukuta mji umeshatangulia. Dar es Salaam ilinyoosha mikono yake minne kufuata barabara za Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa, na walioinyoosha ni watu waliotoka wenyewe kutafuta mahali pa kujenga, kila mmoja na hesabu zake. Hesabu hizo zilibadilika kila baada ya miaka kumi au ishirini, na ndizo zinazoeleza kwa nini mji umekaa ulivyokaa kuliko ramani yoyote.

Mwanzoni hapakuwa na cha kuchagua. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga hapa katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha wavuvi cha Mzizima, akafariki 1870 kabla mji haujasimama. Wajerumani walipoufanya makao makuu ya koloni lao, kanuni zao za ujenzi za 1891 ziliugawa kwa aina ya majengo, na aina ya majengo ikawa njia ya heshima ya kusema rangi ya watu. Ufukweni yalitakiwa majengo ya Kizungu tu. Nyumba za udongo na makuti zilisukumwa nyuma. Waingereza, waliouteka mji Septemba 1916, waliendeleza mgawo huo: Uzunguni, Uhindini, na Kariakoo, iliyopata jina kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps. Katikati waliacha uwazi wa Mnazi Mmoja uwatenge Waafrika na wengine. Mtu wa Kariakoo alimiliki nyumba yake, lakini ardhi chini ya nyumba aliilipia kodi ya kiwanja kwa serikali.

Aliyetaka kujenga bila kuulizwa kodi wala ramani alitazama nje ya mpaka wa mji, Buguruni, Keko, Mtoni, kwenye minazi ya Wazaramo na Washomvi. Huko mauziano yalikuwa na utaratibu wake. Ardhi ilikuwa ya ukoo na haikuuzwa kirahisi, lakini mti ulikuwa mali ya aliyeupanda, na mali ya mtu huuzwa, hurithiwa na huwekwa rehani. Kwa hiyo mgeni alinunua minazi. Waliihesabu pamoja na mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, mbele ya wazee, na bei ikatajwa kwa idadi ya miti. Akishamiliki minazi, nani angemzuia kuweka kibanda kivulini mwake? Sheria ya Ardhi ya 1923 ilikuwa imeiweka ardhi yote ya Tanganyika mikononi mwa Gavana, lakini Gavana alikuwa mbali na mnazi ulikuwa karibu. Desturi hiyo ya kuuza kilicho juu ya ardhi haijafa. Mpaka leo, shamba likichukuliwa kwa mradi, wathamini huhesabu mwembe, mnazi na mkorosho kila mmoja kwa bei yake.

Katika miaka ya 1950 Waingereza waliamka. Mji ulikuwa umefurika, na vyama vya wafanyakazi na vya siasa vilikuwa vimeanza kusema kwa sauti. Viwanja vya Waafrika vikapimwa Magomeni, Temeke na Kinondoni. Hapo ndipo nyumba ya Kiswahili ya mjini ilipoenea kwa nguvu: ukumbi katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba vitatu kila upande, jiko na choo nyuma. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili na vilivyobaki akapangisha. J. A. K. Leslie, afisa wa serikali ya kikoloni aliyeandika kitabu juu ya maisha ya Dar es Salaam kikachapishwa 1963, alionyesha jinsi mgeni alivyofikia kwa ndugu au mtu wa kwao kabla ya kupata chumba chake. Hesabu ya kwanza ya kuchagua mahali, basi, ilikuwa ya watu. Mtu alikaa walipo wa kwao, na akipata fedha alijenga si mbali nao. Julius Nyerere aliyeacha ualimu Pugu mwaka 1955 naye alijenga Magomeni, na nyumba yake ile sasa ni makumbusho.

Hesabu ya pili ilikuwa ya kazi na maji. Kiwanda cha saruji cha Wazo kilianza 1966. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China kando ya Barabara ya Morogoro, kilifunguliwa 1968. Mfanyakazi wa zamu hawezi kukaa mbali na lango la kiwanda, na Manzese ilikuwa ng'ambo tu ya barabara, kwenye mashamba ambayo wenyewe walikuwa tayari kuyakata vipande. Tena barabara hiyohiyo ilifuatana na bomba la maji kutoka Ruvu, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Penye bomba pana bomba la mtaani, na penye bomba la mtaani pana mwenye mkokoteni wa madumu. Katika miaka ya 1970 Manzese ilitajwa kuwa mtaa mkubwa kuliko yote isiyopimwa nchini.

Serikali mpya ya baada ya uhuru haikuupenda mtindo huo. Shirika la Nyumba la Taifa lililoundwa 1962 lilibomoa vibanda Magomeni na kwingine, likajenga nyumba za matofali mahali pake. Kazi ilikuwa ya gharama: unabomoa nyumba sita ili ujenge sita, na nje ya mji watu wamejenga sitini. Mwishoni mwa muongo ule mpango ukapoa. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Wengi walioguswa walikuwa wenye asili ya Asia, lakini funzo liliwafikia wote: nyumba kubwa ya kupangisha mjini ni mali inayoonekana sana. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limeshawakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha.

Kisha Benki ya Dunia ikaja na wazo lake mwaka 1974. Badala ya kujenga nyumba, serikali ingepima viwanja, ichimbe mitaro, ivute maji na barabara, halafu mwananchi ajenge mwenyewe kwa mkopo wa Benki ya Nyumba. Ndivyo zilivyozaliwa Sinza, Kijitonyama na sehemu ya Mikocheni. Manzese nayo ikapata barabara na taa bila kubomolewa, jambo ambalo miaka kumi kabla lisingefikirika. Viwanja vilikusudiwa watu wa kipato cha chini. Wengi wao walipoona masharti ya kujenga na marejesho ya mkopo, waliviuza kimyakimya kwa watumishi wa serikali, na Sinza ikawa ilivyo sasa. Ukitaka kujua nani anaweza kusubiri hati na nani hawezi, historia ya Sinza inatosha.

Lakini kilichoigeuza kweli pembezoni ya Dar es Salaam hakikuwa kiwanja. Kilikuwa jembe.

Ukame wa 1973 na 1974 uliacha nchi bila chakula cha kutosha, na serikali ikatangaza kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Wafanyakazi wa mjini waliambiwa walime. Maofisi na viwanda vilitafuta maeneo nje ya mji, na mtu mmojammoja naye akatafuta lake: Mbezi, Kimara, Tegeta, Boko, Pugu, Chanika. Ilipofika miaka ya 1980 mambo yalikuwa magumu zaidi. Mshahara uliisha kabla ya katikati ya mwezi, sabuni na sukari vilipangiwa foleni, na mwaka 1983 sheria ya Nguvu Kazi ilitaka kila mtu aonyeshe kazi anayoifanya. Mwalimu, karani, nesi na profesa wote walikuwa na jibu moja: shamba. Kwa kiongozi aliyefungwa na miiko ya Arusha, shamba la kulima na familia lilikuwa moja ya mali chache zisizo na maswali. Mihogo ilipandwa, migomba ikafuata, kisha banda la kuku, kisha ng'ombe wawili wa maziwa. Maziwa na mayai yalirudi mjini kuuzwa kwa wenzao wa ofisini, na mara nyingi yalileta zaidi ya mshahara.

Na penye ng'ombe lazima awepo mtu wa kulala. Kibanda cha mchungaji kikawa nyumba ya kwanza. Mwenye shamba akaanza kwenda Jumamosi, akalala hadi Jumapili. Akaona upepo ni mzuri. Akafyatua matofali kidogokidogo, mifuko mitano ya saruji mwezi huu, mitatu mwezi ujao. Mwaka 1983 huohuo serikali ilikuwa imeruhusu mabasi ya watu binafsi, yale yaliyoitwa daladala kwa nauli ya shilingi tano, baada ya mabasi ya shirika la umma, UDA, kushindwa kubeba mji. Daladala ilifika pale ambapo UDA haikuota kufika, ikageuzia chini ya mwembe, na kituo kikaitwa Mwisho. Kituo kikishakuwa na jina, shamba la ekari mbili linakuwa viwanja vinane.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo vitabu vya mipango miji huwa vinalipita haraka. Waliouanza mji wa pembezoni, hasa upande wa Barabara ya Bagamoyo, walikuwa haohao watumishi wa serikali ambao mchana walikaa ofisini wakiandika juu ya tatizo la ujenzi holela. Hawakuwa wanafiki. Kiwanja cha kupimwa kilihitaji maombi, barua, miaka ya kusubiri na mtu wa kumjua. Shamba lilihitaji mwenyeji wa Kizaramo aliye tayari kuuza na mjumbe wa nyumba kumi kama shahidi. Yeyote mwenye watoto wanne angechagua la pili.

Azimio la Zanzibar la Februari 1991 lililegeza miiko ya viongozi, na kilichokuwa kikifanyika pembeni kikafanyika waziwazi. Mbezi Beach ikapanda maghorofa. Benki ya Nyumba, iliyokuwa mkopeshaji pekee wa maana, ilifilisika 1995, na sheria ya kuwezesha mikopo ya nyumba haikupitishwa hadi 2008. Kwa miaka hiyo yote katikati, karibu kila nyumba ya Dar es Salaam ilijengwa kwa fedha taslimu. Ndiyo sababu ya mapagale. Mgeni akipita Salasala, Goba au Kifuru anaona kuta bila paa, mapapai yameota sebuleni, nondo zimetoka juu kama zinangoja ghorofa, akadhani mji umeshindwa. Mwenyeji anaona akaunti ya akiba. Hatua ya kwanza ni kushika eneo, ya pili msingi, ya tatu kupandisha boma. Halafu mtu huhamia kukiwa na chumba kimoja chenye mlango ili aache kulipa kodi mjini. Mnunuzi wa namna hiyo hatafuti mahali palipokamilika. Anatafuta mahali patakapokamilika pamoja naye.

Mauziano yenyewe yalikuwa na sura moja kutoka Chamazi hadi Bunju. Eneo lilipimwa kwa hatua, ishirini kwa ishirini, na busara ilikuwa mnunuzi aje na rafiki mrefu. Mpaka uliwekwa kwa mnyaa au mkonge, au kwa mti uliokuwepo. Karatasi ya mistari kutoka kwenye daftari iliandikwa kwa mkono: fulani bin fulani, kwa akili timamu na bila kushurutishwa, amemuuzia fulani eneo lake lililopo mahali fulani, kaskazini linapakana na fulani, mashariki kuna njia, kusini kuna bonde. Mashahidi walitia saini, au dole gumba. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa akagonga muhuri wa wino, na ofisi ikachukua chake, mara nyingi asilimia kumi ya bei, malipo ambayo sheria haiyatambui lakini kila dalali anayajua. Karatasi hiyo si hati miliki. Sheria za ardhi za 1999 zilizosisitiza kwamba ardhi ni ya umma na Rais ndiye msimamizi wake hazikuifanya kuwa hati. Hata hivyo juu yake imejengwa sehemu kubwa ya jiji, nayo imerithiwa na kutumika kuamulia kesi.

Serikali ilijaribu tena mwaka 2002 kwa Mradi wa Viwanja 20,000. Mashamba yalitwaliwa kwa fidia, yakapimwa na kuuzwa: Bunju, Boko, Mbweni, Mivumoni, Buyuni, Tuangoma, Kibada, Gezaulole. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi mtu angeweza kununua kiwanja chenye bikoni bila kumjua mtu. Tatizo lilikuwa ni miguu. Buyuni ni mbali, na Kibada ilikuwa ng'ambo ya maji. Viwanja vingi vilikaa vichaka kwa miaka, wenyewe wakisubiri barabara na umeme, huku Kitunda na Mbagala zisizopimwa zikijaa watu.

Kigamboni inastahili insha yake. Tangu enzi za Mjerumani ilikuwa inaonekana kutoka Kivukoni, umbali wa pantoni moja, na watu waliikwepa kwa sababu ya pantoni hiyo. Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa mji mpya wa kisasa. Wenyeji wakazuiwa kuendeleza wala kuuza maeneo yao, wakakaa hivyo kwa miaka, nyumba zikivuja bila kuezekwa upya. Mji mpya haukujengwa. Kilichokuja ni daraja la mita 680, lililofunguliwa Aprili 2016, na bei za viwanja zikafanya kwa miezi yale ambayo mpango ulishindwa kufanya kwa miaka.

Kuna hesabu nyingine ambayo mnunuzi wa zamani hakuifanya, na jiji limemfundisha kwa ukali. Desemba 2011 mvua ilinyesha Dar es Salaam kwa kiasi ambacho wengi hawakuwahi kukiona, na bonde la Msimbazi likachukua nyumba na watu. Walionusurika walipewa viwanja Mabwepande, kaskazini kabisa mwa jiji. Aliyekuwa akitembea kwa miguu kwenda Kariakoo alfajiri sasa alitakiwa kupanda magari mawili. Baadhi waliuza na kurudi karibu na riziki. Upande mwingine wa mji, maghala ya mabomu ya jeshi yalilipuka Mbagala Aprili 2009 na Gongo la Mboto Februari 2011. Kambi zilipojengwa pembeni yake palikuwa pori. Watu ndio waliozifuata, hatua ishirini kwa ishirini.

Halafu kuna alama ya X. Huchorwa kwa rangi nyekundu ukutani, mara nyingi karibu na mlango, na mwenye nyumba hana la kufanya zaidi ya kuitazama kila anapoingia. Mwaka 2017 ilitembea kandokando ya Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kiluvya, na nyumba zaidi ya elfu moja zikavunjwa kupisha upanuzi. Hifadhi ya barabara eneo lile ilivuka mita mia moja kila upande, kwa sheria ya tangu ukoloni, wakati maeneo mengine ya jiji haifiki hata nusu yake. Waliovunjiwa walikuwa na karatasi za mauziano, mita za umeme, bili za maji, risiti za kodi ya majengo. Kila idara ya serikali ilikuwa imewatambua kwa namna yake. Kwa maoni ya mwandishi, hilo ndilo deni kubwa ambalo mamlaka bado hazijalilipa kwa watu wa pembezoni: kupokea fedha zao kwa mkono mmoja na kuwaita wavamizi kwa mwingine.

Barabara yenyewe ilijengwa, na ni nzuri. Stendi kuu ya mabasi ya mikoani ilihama Ubungo ikaenda Mbezi Luis mwaka 2021, na palipokuwa mahali pa kufugia kuku pakawa mahali pa kupanga fremu za maduka. Mabasi ya mwendokasi yalishaanza kati ya Kimara na Kivukoni mwaka 2016. Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria hadi Morogoro, na moja ya vituo vyake ni Soga, Mkoa wa Pwani. Madalali wa viwanja hawakungoja hata nauli itangazwe. Mashamba ya mikorosho ya huko yanakatwa vipande, sasa kwa mita za mraba na picha za droni, na malipo kwa awamu.

Anayekwenda huko kununua asianze na dalali wala mwenyekiti wa kijiji. Aanze na ofisi ya ardhi ya halmashauri husika, aombe kuonyeshwa mchoro wa mipango miji, aulize hifadhi ya reli, ya barabara na ya njia ya umeme mkubwa inaishia wapi, kisha arudi tena wakati wa masika aone maji yanapita wapi. Fedha itoke baada ya hapo.